Mwalimu na Waya wa Kijani

Jumatatu, 3 Machi

Nimechuma chai mpaka mvua ikanifukuza. Kikapu na nusu. Pale tunapouzia majani, Sigei fundi wa stima alikuwa anachekesha watu tena. Kichekesho ni ng'ombe wangu. Nilimwita Mwalimu kwa sababu alinitazama kama mtu ambaye hajafanya hesabu. Juma lililopita alilamba mashine ya kukata nyasi, ile Sigei aliifungia stima. Akaanguka hapo hapo.

"Alikufa na uzee, Arap Bett," Sigei akasema. "Jipange, wewe ndiye unafuata."

Wakacheka wote, hata karani. Nikacheka pia. Meno yangu matatu yalionekana yote. Moyoni nilikuwa namchimbia shimo.

Jumatano, 5 Machi

Sigei anaweka stima kwa ukumbi mpya wa kanisa. Nimejitolea kubeba mchanga. Pasta ameshangaa. Mimi kanisani hubeba sahani ya chakula tu.

Nimeona. Waya zimelala uchi ndani ya ukuta. Paipu za kupitishia waya ni vipande vifupi, vinachungulia penye swichi, mahali mkaguzi huangalia. Kama mtu aliyevaa kola bila shati. Na waya wa kijani kwenye boksi kubwa, ule Sigei mwenyewe aliniambia ni wa kupeleka stima ardhini ikipotea njia, ameufunga kwa msumari. Msumari uko kwa mbao.

Nimerudi nyumbani haraka, nikaingia zizini penye ile mashine. Waya wa kijani. Msumari. Mbao.

Uzee, eh.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemwambia mke wangu, Mama Chebet, habari ya paipu tu, na anasema nimwambie pasta leo. Nimekataa. Wapige plasta kwanza. Wapake rangi. Nataka Sigei abomoe watu wakimwangalia. Ameniita shetani mzee. Ni kweli, nimezeeka.

Jumatatu, 10 Machi

Plasta imekauka. Wameanza kupaka rangi ya maziwa, nzuri sana. Nimemsifu Sigei mpaka akaanza kunishuku.

Jumatano, 12 Machi

Hili sikulipanga. Sigei amewasha stima kabla ya mkaguzi kuja, eti kwaya ifanye mazoezi. Nimefika nikapata Mama Chebet ameshika maikrofoni ya chuma, viatu vimelowa.

Nilienda kwa boksi nikazima swichi kubwa kwa fimbo. Wakauliza nina nini. Nikasema wanaimba vibaya. Nikakaa chini ya boksi mpaka wakaenda nyumbani. Kwaya yote imeninunia, na Mama Chebet ndiye wa kwanza.

Niliogopa. Lakini sijamwambia pasta. Mkaguzi anakuja Ijumaa.

Ijumaa, 14 Machi

Mkaguzi ni mama mfupi kutoka Kericho mjini. Ameangalia swichi, akaona paipu zinachungulia, akatoa kalamu aweke sahihi. Nikamwomba avunje ukuta katikati, mbali na swichi. Sigei akasema nisisikizwe, niliacha shule darasa la nne. Ni kweli. Darasa la nne tulikuwa na macho.

Mkaguzi akaagiza patindo ya kuchongea ukuta. Plasta ikaanguka, waya zikatoka uchi. Halafu akafungua boksi, akafuata waya wa kijani mpaka kwa msumari. Pasta akaanza kusoma viatu vyake. Mkaguzi amekataa kuweka sahihi. Ukuta wote ubomolewe, paipu ianze mwanzo ifike mwisho, chuma cha kufungia waya wa kijani kigongwe ardhini.

Hapo ndipo nikauliza swali langu. Nililibeba tangu Jumatano ile ya zizini, kama yai.

"Na ng'ombe akilamba mashine iliyofungwa hivi?"

"Atakufa," mkaguzi akasema.

Hakuna aliyecheka. Wote wakamgeukia Sigei. Utamu wake siwezi kuuandika.

Jumapili, 16 Machi

Tumesali nje, ukumbi umejaa vumbi. Mama Chebet ameanza kuongea na mimi. Maneno mawili: shetani mzee.

Jumatatu, 17 Machi

Asubuhi Sigei amekuja zizini kwangu peke yake, amebeba chuma kirefu na nyundo. Tulitahiriwa mwaka mmoja, tukalalia ngozi moja. Leo hakuweza kuniangalia usoni. Alizima stima, akang'oa ule msumari, akauliza chuma kiingie wapi.

Nikamwonyesha kando ya mashine, pale Mwalimu aliangukia.

Aligonga. Nilikalia ndoo yangu ya kukamulia, nikaangalia. Jasho lilimtoka. Chuma kikaingia mpaka kikabaki kichwa tu.

"Mimi ndiye nilimuua," akasema. "Kimefika, Arap Bett."

Nikamwambia agonge tena.

Akagonga.