Ukuta wa Bwana na Neno Lililokatazwa

Songea, Alhamisi. Mvua imenyesha tangu alfajiri na sasa imetulia kidogo. Mimi sijatulia. Naandika kwa haraka na mwandiko utakuwa mbaya. Na uwe mbaya.

Leo Mjomba amepigwa viboko hamsa ishirini mbele yetu wanafunzi wote, kwa sababu ya neno moja.

Bustani ya Bwana, yule Mjerumani anayetutawala, iko kwenye mteremko chini ya boma. Udongo wake unazuiwa na ukuta wa magogo yaliyolazwa moja juu ya jingine, na nguzo zimesimamishwa mbele kuyashika. Baada ya masomo tunapelekwa huko kuutunza. Tunang'oa magogo yaliyoliwa na mchwa, tunababua ncha za nguzo mpya motoni zisioze upesi, tunashindilia udongo. Mjomba, kaka yake mama, ndiye fundi. Huacha nafasi nyembamba kati ya magogo ya chini na kujaza kokoto nyuma yake.

Mnyapara hakuzipenda nafasi hizo. Alisema zinafanana na meno ya kikongwe, akatuamuru tuzizibe kwa udongo wa mfinyanzi. Tukaziba. Nilijua ni kosa, nikanyamaza kama kawaida yangu.

Leo tumekuta ukuta umevimba tumbo katikati, na nguzo mbili zimelalia kabichi za Bwana.

"Nani ameusukuma ukuta huu?" mnyapara aliuliza.

"Maji," Mjomba akajibu.

Askari aliyekuwa akivuta tumbaku alisimama wima.

"Sema tena!"

"Maji, bwana. Yamekosa pa kutokea."

Tangu vita viishe neno hilo halisemwi karibu na boma. Baba alinyunyiziwa maji ya dawa, akaenda vitani akiamini risasi hazitampata. Hakurudi. Hata nyumbani mama husema, "Niletee kile cha mtungini."

Tunaogopa jina la kitu tunachokunywa!

Walimlaza Mjomba kifudifudi palepale kwenye tope. Mnyapara alipaza sauti kwamba huyu anataka kurudisha vita, na kwamba ukuta ukianguka tena atatiwa mnyororo. Kisha akatuamuru tuusimamishe na kuuziba upya. Tukauziba. Mikono yangu hii imeziba huku Mjomba akivuja damu hatua chache kutoka kwangu.

Basi mvua kubwa ijayo itauangusha, na atafungwa.

Jioni nimempelekea uji.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba. Usinikodolee macho, mpwa wangu, mgongo si kitabu." Akanywa kidogo. "Kamuulize yule mnyapara wako, yeye hutawadha kwa kitu gani? Kwa uji?"

Akacheka, maumivu yakamkata, akauma ukingo wa mkeka. Mimi sikuweza kucheka.

Namchukia mnyapara. Nauchukia ule ukuta na kabichi zake. Najichukia na mimi, niliyesoma vitabu vyote vya shule na ulimi wangu bado umelala.

Kesho Bwana mwenyewe anakuja shuleni kutusikiliza tukisoma insha. Mwalimu ametupatia kichwa cha insha, "Kazi yangu bustanini." Siku kama hizo huwa najikunja nyuma ya wenzangu warefu nisiitwe. Lakini insha yangu imekwisha. Nimeeleza magogo, kokoto, zile nafasi na kazi yake, na nani aliamuru zizibwe. Mwanzoni niliandika "unyevu" badala ya neno lile. Nimeufuta huo unyevu.

Naogopa kusimama. Nitasimama. Mjomba alilisema amesimama, akalirudia.

Sasa hivi nimejaribu kuisoma insha kwa sauti. Nilipofika kwenye neno lile, mama aliacha kuchochea moto, akageuka. Nilidhani ataniziba mdomo. Nikalisema tena, kwa nguvu.

 Mama ameninyooshea kata tupu ya kuchotea.

"Niletee maji," amesema.