Mkwe Juu ya Paa la Mama

Mpendwa Shangazi Akeyo, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nikikosa msaada hakuna harusi, mimi ni Nangila wa Kamere, mchumba wangu Kipkemoi ni mwalimu wa Kiingereza, mtu mzuri, hanywi, lakini akiona Kiingereza kimekosewa anawashwa mwili mzima, na mama yangu ana hoteli ya samaki imeandikwa juu MAMA NANGILAS HOTEL, bila kale kakoma ka kuning'inia kabla ya s, ka kuonyesha kitu ni cha nani, basi Jumapili akasema wazee wake wakitoka Mau Narok Jumamosi kuleta posa hawatapita chini ya aibu hiyo, akachukua brashi na rangi akapanda paa, mimi nikamshikia ngazi, mama alikuwa kanisani lakini ibada ikaisha mapema akatupata, akainua macho, na Kipkemoi alikuwa na kaptura pana, Shangazi, na kwetu Wabukusu mkwe hapandi paa la mama mkwe hata kuwe na moto, mama akafunika uso na leso akalia, sasa anasema, "Mtu wa kunikanyagia kichwa sipokei, wazee wake wakae na ng'ombe zao," naye Kipkemoi anauliza tu kama rangi imekauka. Nampenda sana. Nimwache?

*Shangazi Akeyo anajibu:*

Pole, Nangila, kisha acha nikugombeze. Nimemtafuta mkosaji kwenye barua yako na nimempata ameshika ngazi. Kwa Kipkemoi, paa ni mabati tu. Wewe ulijua ukanyamaza, halafu unauliza kama umwache! Huna haya?

Mwalimu naye asijifanye malaika. Kamere nzima inajua hoteli ni ya nani, na hakuna mteja aliyewahi kurudisha samaki kwa sababu ya koma. Kama alitaka kuonyesha mwenye mali, angeanza kwa kumwomba ruhusa.

Leo hii nenda kwa mama yako peke yako. Mwambie, "Mama, yeye hakujua. Mimi nilijua na nikashika ngazi." Akikutukana, meza. Shangazi zako waseme kinachotakiwa kusafisha aibu, kondoo au blanketi, na Kipkemoi atoe bila kumsahihisha mtu. Hiyo koma ibaki au ifutwe, mama aamue. Ikifutwa, apande fundi.

Mwambie mama pia kwamba kijana alipanda akitaka jina la mama mkwe lisomeke vizuri mbele ya wazee. Hilo litamlainisha. Na Jumamosi, tafadhali, suruali ndefu.