Bakuli la Mwanangu

Jumatatu, 6 Oktoba

Nyama na wali tena. Mkwe wangu Wanjiru anakiita gyudon, chakula cha Wajapani. Alifundishwa na mwenzake walipokuwa wanasomea uuguzi. Nyama imekatwa nyembamba hadi inaonyesha mwanga, vitunguu vingi, tangawizi, mchuzi wa soya, na sukari. Sukari kwenye nyama. Juu yake yai ambalo kiini bado kinatikisika. Mwanangu Elia anafagia bakuli. Huyu ni mtoto ambaye kwangu alikuwa akinusa yai kabla ya kulila.

Na wali umeshikana kama ugali. Mimi ni mtu wa Ifakara. Kwetu binti akipika wali wa hivi anatafutiwa shangazi wa kumfundisha upya. Nimekula, nikashukuru. Adabu ninazo.

Jumanne, 7 Oktoba

Wanjiru yuko hospitalini kazini, Elia yuko Alexandria anaegesha magari ya wageni hotelini. Nimeshinda na dirisha na barabara kuu ya Springfield, huku Marekani. Vidonge vya presha nimevimeza bafuni, mlango nimefunga. Presha yangu anaijua Elia peke yake, na nilimwapisha kwenye simu asimwambie mkewe. Mkwe akijua una ugonjwa anaanza kukuona mzigo.

Elia amebadilika. Akiambiwa atoe taka, anatoa. Anakunja nguo za mkewe. Marehemu baba yake alikufa hajui chumvi tunaiweka wapi.

Jumatano, 8 Oktoba

Leo nimeona kwa macho yangu. Niliingia jikoni kuchukua maji, nikakuta sufuria mbili motoni, kubwa na ndogo. Nyama ile ile, vitunguu vile vile. Kwenye kubwa akamimina soya ya chupa yenye kifuniko chekundu. Kwenye ndogo, chupa ya kifuniko cha kijani. Maandishi ya Kijapani tupu, sisomi kitu. Aliponiona akairudisha ya kijani kabatini, haraka.

Nikauliza ndogo ni ya nani.

"Ni yako, Mum."

Kwa nini ya peke yangu? Akacheka, akasema kubwa imejaa. Haikujaa. Nimefundisha darasa la tatu miaka mingi, mtoto anayedanganya namjua kwa kicheko.

Simwamini.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimempigia mdogo wangu Konsolata. Hakushangaa hata kidogo. "Dada, mwanamume anayekunja nguo ameshalishwa limbwata." Nikamwambia mbona mke naye anakula ya sufuria kubwa. Akasema mwenye dawa haimdhuru.

Nimefikiri mchana kutwa. Kama kitu kingekuwa kwenye sufuria yangu, ningeshaugua. Mimi mzima. Basi kiko kwenye kubwa, na mimi ndiye ninayezuiwa nisiiguse. Sirudi Ifakara kabla sijamtoa mwanangu humo.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimefanya.

Mabakuli yako matatu, meusi, yamefanana yote. Langu huwekwa upande wa dirishani. Wanjiru akishapakua huenda kumwita Elia chumbani. Hapo hapo nikachukua langu nikaweka kwa Elia, la Elia nikaweka kwangu.  Nikajiambia, lije kwangu. Mume nimeshazika, mimi litanishikiza kwa nani?

Cha ajabu ni kitamu. Kimekolea. Cha kwangu siku zote kilikuwa chapwa, nikadhani ndivyo Wajapani wanavyokula. Kumbe utamu wote ulikuwa kwa Elia. Ushahidi gani tena nautaka?

Jumatatu, 13 Oktoba

Nabadilisha kila jioni. Si gyudon peke yake, hata maharage ya jana yalikuwa na sufuria yake ndogo. Ameniandalia kila kitu pembeni.

Elia anakula polepole sasa. Anaangalia bakuli, anamwangalia mkewe, anaendelea kutafuna. Dawa inamtoka.

Miguu yangu imevimba, viatu vya kanisani vimekataa. Kichwa kinagonga. Limbwata limekosa wa kumshika, linanihangaisha mimi. Heri mimi. Wanjiru ameniona nachechemea, akaniletea beseni la maji ya vuguvugu, akapiga magoti, akanikanda nyayo. Nikajikuta nasema, "Asante, mwanangu." Sikukusudia. Limeanza kunipanda.

Jumatano, 15 Oktoba

Kichwa. Naona vinyota nikiinama. Jioni gyudon. Nimebadilisha.

Alhamisi, 16 Oktoba

Niliangukia sinki asubuhi. Wanjiru alikuwa nyumbani, akanidaka kabla sijafika sakafuni. Akatoa mashine ya presha kwenye droo ya jikoni, karibu na vijiko. Kumbe ilikuwepo siku zote. Akapima, akapima tena, uso ukambadilika. Tukaenda hospitali, nikachomwa sindano, nikalazwa kitandani mpaka jioni wakaniruhusu.

Nyumbani wakadhani nimelala. Mlango ulikuwa wazi kidogo. Wanjiru alikuwa analia.

"Nimekuwa nikimpikia separate, Elia. Kila siku. Soya yake ni ile ya green, haina chumvi mob kama ya red. Sasa hiyo presha imetoka wapi? Mimi ni nurse na nimeshindwa na Mum wa nyumbani kwangu."

Elia akamwambia si kosa lake. Akasema pia hakupaswa kumwambia habari za presha, maana Mama alimwapisha, na Mama ana kiburi.

Nimelala nikitazama dari. Niliona aibu hadi masikioni.

Ijumaa, 17 Oktoba

Wametoka wote. Nimefungua kabati. Nimemimina tone la chupa nyekundu kidoleni, nikalamba. Chumvi tupu. Tone la kijani. Chumvi ya kubembeleza.

Hakuna kingine kabatini. Nimetafuta. Sukari, tangawizi, mchele.

Konsolata amepiga simu. Sijapokea. Nitamwambia nini, kwamba nilikuwa nainywa sumu yangu mwenyewe kwa kijiko na kumshukuru Mungu?

Jumapili, 19 Oktoba

Gyudon. Ndiyo mara ya kwanza Wanjiru kupika tangu nitoke hospitali. Mabakuli matatu. Wanjiru akapakua, akaenda kumwita mumewe kama kawaida. Nikabaki na meza. Nikaiweka mikono yangu mapajani.

Elia akatia kijiko cha kwanza mdomoni, akatulia. "Leo umepika."

"Kwani siku zingine nilikuwa nafanya nini?"

"Wiki nzima ilikuwa chapwa. Nilikuwa naogopa kusema."

Wanjiru akaangalia bakuli la Elia. Akaangalia langu. Kisha akaniangalia mimi, na mimi nikamwangalia, sikuinamisha macho ingawa nilitaka. Muuguzi ni muuguzi, anajua kuunganisha mambo. Nilisubiri aseme. Nilistahili aseme.

Nikasema mimi. "Nilikuwa nabadilisha. Nilidhani unamlisha kitu."

Elia akaweka kijiko chini. Wanjiru hakucheka, hakukasirika pia, au kama alikasirika aliimeza hasira.  Halafu akasogeza kibakuli cha tangawizi nyekundu ya siki, ile yenye chumvi, akakiweka upande wa mumewe, mbali na mkono wangu.

"Kula, Mum. Inapoa."

Nimekula. Wali umeshikana, nyama ina sukari, chumvi haipo. Nimemaliza bakuli lote. Baadaye ameleta mashine, nimempa mkono kabla hajauomba.