Plasta Nilizokutumia

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka huku Ujerumani, ambako jua linatoka bila kuleta joto. Mgongo wako unaendeleaje? Na Baba, amekubali kunywa dawa za presha au bado anasema mnamsumbua? Mimi mwili ni mzima, ila roho haijatulia. Barua hii nimeianza mara tatu, nikasimama, nikaizunguka meza, nikarudi. Naiandika kwa Kiswahili kwa sababu lugha yetu ya Ekegusii naijua mdomoni tu, kuiandika kunanishinda. Nitaipiga picha nimtumie dada Kwamboka akusomee, maana kwenye simu utanikatiza kwa baraka.

Ni kuhusu zile plasta. Unajua kazi yangu ni kutengeneza polima, yaani vitu vya jamii ya plastiki na mpira, na kwa miaka mitatu nimehangaika na moja ya kushika kwenye ngozi iliyolowa. Ilipopimwa ikaonekana haidhuru, nilitafuta watu wa kuijaribu, nikavikumbuka vidole vyenu vinavyopasuka kwa kuchuma chai yenye umande. Wewe na akina mama wa kikundi chako mkatia sahihi, nikawatumia. Kila wiki nilipiga simu, na kila wiki ulinijibu, "Ni nzuri tu sana, mwanangu. Hakuna shida yoyote. Mungu akubariki." Nami nikayaandika hayo kwenye ripoti huku nikitabasamu kama mjinga.

Juzi Kwamboka alinitumia picha ya chai yetu ilivyopigwa na mvua ya mawe. Wewe umeshika tawi lililochanika, na vidoleni umefunga vipande vya tyubu ya baiskeli, Mama, vilevile vya siku zote!

Nikampigia papo hapo.

"Wewe nawe," akasema, "Mama alituambia tusikuvunje roho. Eti sauti yako inasikika imechoka. Akina mama wote wakakubaliana."

Nilicheka, kisha nikakasirika, kisha nikaenda kulia chooni kazini. Mnanipenda vibaya nyinyi! Najua kwetu mtu hasemi ubaya wa zawadi. Lakini ile haikuwa zawadi, nilikuwa nawauliza swali. Jumatatu nasimama mbele ya wakubwa wangu. Wakiamini majibu yenu, plasta hii itaendelea mbele hadi ibandikwe kwenye vidonda vya watu walioungua. Nikisema tu kwamba imeshindwa, bila kujua imeshindwa vipi, wataifunga kazi yote, na mimi sina pa kuanzia tena.

Kwa hiyo niambie. Zilibanduka baada ya saa ngapi? Zilianzia pembeni au katikati? Ziliwasha? Nani alizitupa wa kwanza? Nashuku ni Mama Mdogo Bosibori, mdogo wako asiyejua kuficha, na huyo ndiye ninayemtaka awe karibu nitakapopiga simu Jumapili mchana.

Msalimie Baba, mwambie dawa ni za kunywa, si za kupanga dirishani. Msalimie Kwamboka, dada yangu, aliyeponzwa na picha yake mwenyewe. Wasalimie akina mama wote wa kikundi, waongo wangu wapendwa.

Na Mama, kama unaona vibaya kunisema mimi, isute plasta. Hiyo haina mama wa kuionea huruma.

Ni mimi mwanao, ninayekungoja,
Kemunto