Mguu wa Fundi Viatu

Wewe, uko wapi? Dada analia tangu mchana, na mimi utani wote umeniisha.

Si unajua kazi yake ya afya ya jamii, kupita nyumba kwa nyumba kuuliza watu wanakula nini, wanalala vipi, nini kinawasumbua? Basi kwa yule mzee fundi viatu alikuwa haingii. Anaita mlangoni, mzee anajibu kutoka ndani, "Niko fiti, mjukuu! Tushindane mbio?" Dada anacheka, anaandika "hajambo", anapita zake. Wiki sita!

Leo harufu ndiyo iliyomwingiza ndani. Kamkuta mzee kitandani, kidonda kimeula mguu hadi kifundoni. Kumbe sukari. Hata kusimama hawezi. Hawezi kusimama, na alikuwa anamwita mtu washindane mbio!

Dada kamkimbiza hospitali, na daktari kasema mguu unakatwa kesho.

Dada kapiga magoti pale pale wodini: "Babu, nisamehe, ningeingia tu."

Unajua mzee kamjibu nini?

"Nyamaza, mjukuu wangu. Mgeni wangu ni wewe peke yako. Niliogopa ukiisikia ile harufu hutarudi tena."