Njia Nzima Alikuwa Akituambia

Mjukuu wangu Musyoka,

Wakya? Huku Migwani tu wazima. Mbuzi mweupe amezaa mapacha, na mama yako anakusalimu.

Umeniuliza ufanye nini na vijana wanaoletwa kwenu hospitalini wamechanganyikiwa, wakipiga kila anayewakaribia. Mimi namjua mmoja tu, kaka yangu, yule uliyepewa jina lake.

Siku alipochanganyikiwa, wazee wa kanisa walimfunga mikono kwa kamba ya katani, wakampeleka hospitali wakiimba na kukemea pepo, mimi na mama tukifuata nyuma. Alivyozidi kupiga kelele, ndivyo nao walivyozidi kuimba.

Nesi aliwatoa wote nje, akambakisha mama yetu. Mama hakumshika. Alikaa sakafuni karibu naye, akamwita “Baba”, kama alivyomwita tangu utotoni, kwa sababu kaka alipewa jina la babu yetu, baba yake mama. Nikiwa mlangoni nikasikia kaka akipunguza sauti.

“Mama, mikono inauma.”

Nesi alipoifungua ile kamba, ilikuwa imeingia kwenye nyama. Kumbe njia nzima alikuwa akituambia hivyo.

Hatukukaa naye sana baada ya hapo, Mungu akamchukua. Wakikuletea mwingine, waombe watu wanyamaze kwanza. Ule wimbo naujua mpaka leo, beti zote. Sauti yake ndiyo nimeisahau.

Ni mimi, nyanya yako.