Bolti Iliyoliwa Meno Njia ya Chimala

Baba,

Barua huanza kwa kuuliza hali, nami hali yako sijui niiulizeje. Sisi hatujambo. Miguu inamsumbua Mama asubuhi, lakini jua likipanda anatembea. Mwanao Ambokile amerudi salama kutoka migodini Afrika Kusini, na amepata kazi kwenye mashine ya kusaga unga huko Iringa. Tunahama wiki hii. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia. Nikishaondoka Rujewa nitakuwa mbali na kaburi lako, na yapo mambo sikupata kukuambia.

Ulipokuwa hai nilikuita Baba siku moja tu. Desturi ya kwetu Rungwe unaijua: mke wa mwana hamtazami baba mkwe wala hasemi naye. Ulipohamia huku Usangu kufuata mpunga, ulikuja nayo nzima. Nilikujua kwa mlio wa pikipiki. Wakwe wengine hupita tu, na mke wa mwana akajitupa majanini na mzigo wake kichwani. Wewe ulipiga honi kabla ya mfereji, ukazima injini, ukangoja mpaka uone nimekwisha kupita. Nilikuwa nikikusikia unakohoa huko ng'ambo, unangoja.

Siku uchungu uliponishika Ambokile alikuwa huko migodini. Mkunga alinipapasa tumbo, akasema mtoto amekaa vibaya, nipelekwe hospitali Mbeya. Lori la mpunga lilikuwa limekwisha kuondoka. Nikasikia ukishusha magunia kutoka kwenye kile kigari cha ubavuni mwa pikipiki, halafu Mama akaja kunichukua. Ulikuwa umetandika blanketi lako. Nikajikunja humo ndani katikati ya harufu ya pumba, kanga kichwani mpaka usoni. Mama akapanda nyuma yako, tukaondoka.

"Mwambie ashike sana, mbele kuna mashimo," ulimwambia Mama.

Na Mama akanipigia kelele: "Baba yako anasema ushike sana, mbele kuna mashimo!"

Nilikuwa nimekwisha kusikia, Baba. Nilicheka. Uchungu unanikata kiuno, nami nacheka ndani ya kanga.

Tulipokaribia Chimala ukasimama. Injini ilinuka kuungua. Ulilala chini kuichungulia, nikasikia ukivuta pumzi ndefu. Bolti ya chini, ile ya kumwagia oili, ilikuwa imelegea kwa mtikisiko, na oili ilikuwa imechora mstari mweusi barabarani nyuma yetu. Ukajaribu kuikaza, ikazunguka tu. Ukajaribu tena. Ulimweleza Mama kwamba meno ya tundu lenyewe yameliwa, bolti haina pa kushika, na tukienda hivyo injini itakauka na kukwama kabisa. Mama hakungoja zaidi. Alikaza kanga kiunoni akashika njia kwenda kwenye nyumba zilizoonekana mbali, akatafute wanaume wa kunibeba kwa machela.

Tukabaki wawili.

Chini ya pindo la kanga niliona mgongo wako na visigino vyako. Ulikuwa ukisema peke yako, kwa sauti ndogo: "Ningepata uzi. Uzi tu, na kitu cha kunata." Nikangoja Mama anifikishie maneno. Mama hayupo. Halafu uchungu ukaja mwingine, mkubwa, nikahisi mtoto ananiponyoka, na aibu yote ikanitoka. Niliuma pindo la kanga nikachomoa nyuzi. Nikafungua furushi la mtoto, nikatoa kipande cha sabuni.

"Baba," nikasema.

Mgongo wako ulitulia kabisa.

"Uzi huu hapa. Na sabuni ipo."

Hukugeuka. Ulirudisha mkono nyuma, kiganja wazi, cheusi kwa oili, nami nikaviweka pale. Uliuangusha uzi, ukaupapasa chini bila kugeuka, ukauangusha tena. Mpaka siku ile nilidhani ni mimi peke yangu ninayeogopa.

Niliona ulivyofanya, maana nilifunua kanga kidogo. Uliupaka uzi sabuni, ukauzungushia bolti taratibu kufuata upande wa kukazia, usije ukajikunja ukitiwa ndani. Ukaanza kuikaza kwa vidole, ndipo ukachukua spana. Ulikaza kama mtu anayefunga mlango wa chumba chenye mgonjwa. Ikashika. Kisha ukasema, uso umeuelekeza milimani:

"Mwanangu, yapo mafuta yoyote hapo?"

"Yapo ya nyonyo. Ni ya mtoto, ya kumpaka akizaliwa."

"Basi yatamfikisha."

Uliyamimina yote kwenye injini, pamoja na oili kidogo uliyokuwa nayo kwenye kopo. Mama aliporudi na watu wa machela alikuta pikipiki inanguruma, mimi nimejifunika, wewe unatazama milima. Alikuangalia, akaniangalia. Akanirekebishia kanga kichwani.

Tulikwenda polepole. Kila mahali palipokuwa na kivuli ulisimama ukaigusa ile bolti kwa kidole. Tulifika Mbeya bado inadondosha, tone moja moja, na mtoto akazaliwa mzima. Wewe ulikaa nje, ukamtuma Mama alete jina: Tusekile. Kwa lugha yetu, tumefurahi.

Baada ya hapo kila mmoja alirudi mahali pake. Honi mferejini, mimi migombani. Lakini uzi ule haukuweza kudumu milele. Kila ulipobadilisha oili ulihitaji mwingine, na kila mara Mama alikuja mlangoni kwangu akasema, "Baba yako anaomba uzi." Mama alikuwa na uzi tele kwenye kikapu chake, Baba. Nilijua. Na wewe ulijua kwamba najua. Nilichomoa kwenye kanga ile ile mpaka pindo likawa limechakaa lote.

Ulipougua kifua sikuruhusiwa kuingia chumbani kwako. Nilipika uji, Mama akaupeleka. Alikuwa akirudi na bakuli tupu ananionyesha, nione kwamba umekunywa. Siku moja bakuli lilirudi limejaa.

Siku ya mazishi, kabla hawajakufunika, Mama alinishika mkono akanipitisha katikati ya watu. "Njoo umwone baba yako," akasema. Wazee waliguna. Hakuwajali. Nikakutazama. Una kovu juu ya nyusi, Baba, nami sikuwahi kulijua. Tusekile ana kipaji cha uso wako chote. Nimemlea miaka yote hii bila kujua kwamba namtazama babu yake.

Juzi Ambokile alipeleka pikipiki kwa fundi Mbeya, itengenezwe kwa ajili ya safari. Fundi amelipanua lile tundu, amelikatia meno mapya, ametia bolti nene zaidi. Ambokile alirudi anafurahi. "Sasa haivuji hata tone," akasema. "Haitaki uzi tena." Nilimwambia vizuri, nikaenda nyuma ya nyumba nikalia. Alinifuata, akaniuliza, nikamweleza habari ya Chimala tangu mwanzo. Alikaa chini. Baadaye alisema hakuwahi kukusikia ukimwita mtu mwanangu, hata yeye mwenyewe. Tukalia wote.

Mama amekataa kuhama. Anasema hawezi kukuacha peke yako hapa tambarare, mahali si kwenu. Tumembembeleza mpaka tumechoka. Basi nakuahidi hivi: kila mavuno ya mpunga nitakuja na Tusekile, tukae na Mama mpaka mashamba yabaki mabua. Tutapalilia kaburi. Na usiku nitalala naye chumbani kwenu, upande wako wa kitanda, ili asiamke akapapasa akakuta patupu.

Pumzika, Baba. Ndaga fijo, asante sana.

Mimi mwanao,
Subilaga